Kabla hujalipa kodi ya miezi sita, fungua dirisha la chumba cha watoto

Same. Mwalimu alishuka stendi ya Same saa tano asubuhi, binti wa miezi minane na nusu akiwa mgongoni, kijana wa miaka sita mkononi. Dalali alishafika na bodaboda mbili, moja ya mama na mtoto, nyingine ya kwake yeye na kijana.

Alikuwa na siku nne. Shule yake mpya, sekondari iliyo nje kidogo ya mji, ilimtaka aripoti Jumatatu. Uhamisho aliuomba mwenyewe ili awe karibu na mama yake mzazi anayeumwa huko milimani, na mtumishi anayehama kwa maombi yake hujilipia gharama zote. Mumewe, dereva wa lori, alibaki Morogoro kusubiri kuambiwa mizigo ipelekwe wapi. Kwenye simu kulikuwa na Sh520,000. Ndiyo akiba yote.

Ameomba jina lake lisitajwe kwa kuwa bado anaishi kwa mwenye nyumba anayetajwa humu.

Nyumba ya kwanza ilimfanya asahau uchovu wa safari. Vigae vyeupe, dari ya jipsamu, choo cha ndani, rangi mpya. Chumba, sebule na kijistoo ambacho dalali alikiita chumba cha watoto. Kodi Sh70,000 kwa mwezi, malipo ya miezi sita kwa mkupuo, udalali kodi ya mwezi mmoja, na Sh10,000 ya kuonyeshwa ambayo ilishalipwa kabla hata ya kupanda bodaboda. Jumla Sh500,000. Mizigo kutoka Morogoro ingebakiwa na Sh20,000.

"Mwalimu, hapa usilale. Kuna mtu anakuja saa tisa na hela mkononi," dalali alimwambia.

Mtu huyo wa saa tisa anafahamika Tanzania nzima. Hajawahi kuonekana, lakini ameshafanya wazazi wengi walipe kabla ya kufikiri. Mwalimu akatoa Sh30,000 "ya kushika" ili nyumba isichukuliwe. Hakuandikiwa chochote.

Ndipo alipoingia tena kwenye kile chumba cha watoto na kufungua dirisha. Mbele yake kulikuwa na ukuta wa jirani. Alinyoosha mkono akaugusa. Dirisha hilo lilikuwa moja tu, na mlango wake unatokea kwenye korido isiyo na upenyo wowote wa nje. Harufu ya rangi ilikuwa nzito, na chini ya dirisha, nyuma ya kopo la rangi, plasta ilikuwa na alama nyeusi za ukungu zilizopakwa rangi juu zikarudi tena.

Kijana alianza kukohoa. Kikohozi kikavu, kifupi kifupi, ambacho mama mwenye mtoto wa pumu hahitaji kuelezwa ni cha nini. Alitoa dawa ya kuvuta kwenye pochi, akampa, akamtoa nje akae kivulini. Dalali akasema ni vumbi la Same, atazoea.

Vumbi la Same lipo kweli. Mji umekaa upande mkavu wa Milima ya Pare, na upepo wa miezi ya kiangazi huingiza vumbi hadi kwenye sahani. Lakini mtoto alikuwa ametoka kwenye vumbi la njiani bila kukohoa. Alikohoa ndani.

Katika pumu ya watoto, vitu vinavyochokoza njia ya hewa vinajulikana: moshi, vumbi, ukungu wa ukutani, harufu kali kama za rangi mpya na dawa za kuulia wadudu, na mafua. Baadhi mzazi hawezi kuvizuia. Ukungu na ukosefu wa hewa ni vitu vya nyumba, na nyumba huchaguliwa. Ukungu ukishapakwa rangi hauishi, unasubiri masika. Unyevu unaoulisha hutoka kwenye bati linalovuja, bomba lililopasuka ndani ya ukuta, au msingi unaonyonya maji ya bafuni, na hakuna mpangaji anayeweza kuutibu kwa kitambaa na jiki.

Hewa ina kipimo rahisi kisichohitaji fundi. Fungua dirisha na mlango, shika kipande cha karatasi ya chooni katikati ya chumba. Kikicheza, hewa inapita. Kikining'inia kama nguo iliyoanikwa siku isiyo na upepo, basi pumzi za watu watatu wanaolala humo zitazunguka humohumo hadi asubuhi. Chumba chenye matundu mawili ya nje yaliyo pande tofauti kina faida kuliko chenye dirisha moja kubwa la vioo.

Hapo ndipo kifua kikuu kinapoingia kwenye mazungumzo ya kupanga nyumba. Baadhi ya watu huuliza kwa kunong'ona aliyehama alikuwa anaumwa nini, wakiogopa kitanda alichoacha au ukuta alioegemea. Kifua kikuu hakikai ukutani kumsubiri mpangaji mpya, wala hakiambukizwi kwa vyombo. Kinasambaa kwa hewa, mtu mwenye ugonjwa anapokohoa kwenye nafasi iliyofungwa wanamopumua wengine. Kwa hiyo swali la maana zaidi ni watu wangapi watalala hapa, na hewa inatokea wapi. Watoto wadogo ndio huumia zaidi wakiambukizwa.

Mwalimu aliiacha nyumba ya vigae. Sh30,000 haikurudi. Dalali alisema ameshamkabidhi mwenye nyumba, na mwenye nyumba alisema kwa simu hajaona kitu. Anayetoa pesa ya kushika, hata iwe Sh5,000, aitume kwa simu kwa namba ya mwenye nyumba mwenyewe, au aandikiwe kwenye karatasi kwamba itarudishwa au itakatwa kwenye kodi.

Nyumba ya pili haina mengi. Chumba kimoja cha Sh25,000, kaya sita, choo kimoja cha shimo, hakuna mahali pa kunawa mikono. Mlango wa choo ulikuwa gunia. Kwa mtoto anayeanza kutambaa na kupeleka kila kitu mdomoni, uani kama huo ni kuharisha kunakosubiri tarehe. Hawakukaa dakika tano.

Ya tatu ilikuwa kwa mama mmoja mtu mzima, mjane, aliyejenga vyumba viwili na sebule nyuma ya nyumba yake. Sakafu ya saruji, bati bila dari ya maana, lakini madirisha pande mbili na mwembe uani. Choo cha nje, cha kumwaga maji, cha kaya mbili tu. Mfuniko wa chemba ulikuwa umepasuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Watoto ni hao wawili tu?"

"Ni hao tu, mama."

Mama akamtazama kijana, akatazama miche yake ya mboga, kisha akasema wapangaji wenye watoto humsumbua: ukuta unachorwa, maji yanamwagwa, kelele mchana kutwa. Mwaka jana alikataa familia tatu.

Wazazi wengi wanalijua jibu hilo. Hakuna kibao kinachosema watoto hawatakiwi, ila bei hupanda ghafla, au chumba "kimeshachukuliwa jana". Wapo wanaoficha idadi ya watoto, kisha wanawaingiza mmoja mmoja usiku. Mwalimu hakuficha. Alimwambia kijana ana pumu, kwamba ndiyo sababu ya kuzunguka na madirisha, na kwamba mama yake mwenyewe yuko milimani anaumwa. Mjane aliuliza wa ukoo gani, wa kijiji gani. Walipofika kwenye jina la bibi mmoja wa kanisani wanayemfahamu wote, mazungumzo yalibadilika. Kwenye mji mdogo, huo ndio usaili wa mpangaji. Hakuna fomu.

Kodi ilikuwa Sh50,000. Mjane alitaka miezi sita. Mwalimu aliomba mitatu, akaeleza kwamba mshahara unaingia kila mwezi na mwajiri wake ni Serikali, hawezi kutoroka. Wakakubaliana mitatu. Dalali alikunja uso lakini udalali wake aliupata uleule wa mwezi mmoja.

Mzazi anayedhani sheria inamlazimisha kulipa miezi sita au mwaka ajue hakuna sheria ya namna hiyo. Hakuna pia inayomzuia mwenye nyumba kuidai. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiasi cha kodi na miezi ya kulipa mbele ni makubaliano ya watu wawili. Makubaliano maana yake yanajadilika. Anayenyamaza ndiye anayelipa alichotajiwa.

Kilichobaki kwenye sheria kina uzito kuliko wengi wanavyofahamu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka anayepangisha nyumba ya kuishi ahakikishe inafaa kwa makazi ya binadamu mpangaji anapoingia, na iendelee kufaa muda wote wa upangaji. Anayepangisha sehemu ya jengo ana wajibu wa kutunza paa, kuta kuu na mifereji mikuu ya majitaka. Bati linalovuja juu ya kitanda cha mtoto si "matumizi yako mpangaji". Mgogoro ukishindikana kwa mwenyekiti, upo mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wachache hufika huko kwa sababu ya vyumba viwili, na wanaofika wakiwa na karatasi wanasikilizwa kwa urahisi kuliko wenye maneno matupu.

Karatasi ya mwalimu ilikuwa ya daftari la shule, kurasa mbili, kwa mkono. Majina, namba za vitambulisho vya Taifa, kodi, tarehe ya kuanza na kumaliza, notisi ya mwezi mmoja kwa kila upande. Ukurasa wa pili aliandika hali ya nyumba siku hiyo: kitasa cha mlango wa nyuma kibovu, vioo viwili vya dirisha havipo, mfuniko wa chemba umepasuka, mwenye nyumba ataurekebisha ndani ya mwezi. Wakasaini mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, ambaye alimwandika kwenye daftari lake la wakazi. Kisha akapiga picha kila chumba kwa simu, ukuta kwa ukuta, akamtumia mumewe. Picha zenye tarehe humsaidia sana mpangaji siku ya kuondoka, mwenye nyumba anapouliza nani alivunja kioo.

Kuhusu umeme palikuwa na ubishi. Mita ya LUKU ni moja kwa nyumba zote mbili. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo, na tangu Julai 2023 kwa nyumba ya kawaida ni Sh1,500 kwa mwezi. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, lakini inamkata yeyote aliyenunua umeme wa kwanza mwezi huo. Mjane hakuwa anajua. Alidhani umeme wake ni wa ghali tu. Wakakubaliana anunue yeye wa kwanza kila mwezi, halafu wagawane. Mwezi wa pili alisahau, au alisema amesahau.

Maji yalikuwa habari njema kiasi. Mji wa Same umeishi miaka mingi kwa madumu. Mradi wa Same–Mwanga–Korogwe unaochota maji Bwawa la Nyumba ya Mungu ulianza kujengwa mwaka 2014 na ulizinduliwa Machi 2025, na madalali wameongeza sentensi mpya kwenye sifa za nyumba: "Maji yapo." Bomba kufika mjini na bomba kufika uani ni vitu viwili. Fungua koki uone. Muulize jirani, tena ukiweza muulize mtoto wa jirani, maji hutoka siku gani na saa ngapi. Watoto ndio wachotaji na hawana sababu ya kukudanganya. Tanki au pipa liwe na mfuniko unaoziba, kwa sababu mbu wa dengue huzaa kwenye maji safi yaliyotulia na huuma mchana, wakati hakuna aliye kwenye chandarua. Kama ni kisima cha uani, tazama kilivyo mbali na shimo la choo. Umbali unaotumika kama mwongozo ni mita 30, na choo kisiwe upande wa juu wa mteremko.

Wanaopangiwa kazi milimani wana mtihani mwingine. Walimu na wauguzi wanaokwenda Mbaga, Chome, Vudee au Mamba hawakuti madalali. Hukuta mwenyekiti wa kijiji, na nyumba zinazopangishwa huenda zikawa mbili tu, moja ikiwa na mbuzi. Hapo hakuna kuchagua vigae. Kuna mambo mawili ya kutazama kabla ya kushusha godoro.

La kwanza ni nyuma ya nyumba. Nyumba nyingi za milimani hukaa kwenye kibaraza kilichochimbwa ubavuni mwa mlima. Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, ardhi iliporomoka huko Mamba Miamba na kuua watu zaidi ya 20, wakiwemo watoto, wengi wakiwa ndani ya nyumba zao. Kingo iliyochimbwa wima karibu na ukuta, miti iliyoanza kuinama, nyufa mpya ardhini juu ya nyumba, au chemchemi iliyotokea mahali pasipokuwa na maji, hivyo vyote ni vya kumuuliza mzee wa eneo. Wazee wanajua ni ubavu upi uliwahi kutembea.

La pili ni baridi. Juni na Julai, Chome ni baridi ya masweta mawili, na mgeni aliyetoka Dar es Salaam au Morogoro atafanya alichoona wengine wakifanya: ataingiza jiko la mkaa chumbani, atafunga dirisha, atalala. Mkaa uliokolea hautoi moshi, na hilo ndilo linalodanganya. Unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Mtoto mchanga hawezi kusema kichwa kinamuuma. Ukiona watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja na jiko liko ndani, usitafute panadol. Toeni watoto nje kwanza, kisha nendeni kituo cha afya, hata kama mmepata nafuu njiani. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Jiko lipashe maji, lizimwe, libaki nje. Kinacholala na mtoto ni blanketi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa.

Yule mwalimu alijua haya kwa sababu amekulia huko. Bibi yake alikuwa akifukuza jiko nje kila usiku kama anavyofukuza kuku, na watoto walidhani anaogopa moto.

Mizigo ilifika Jumapili jioni juu ya lori la rafiki wa mumewe lililokuwa linapita kwenda Arusha. Vijana wa mtaani walishusha kwa Sh15,000. Kitu cha kwanza kufungwa kilikuwa chandarua, kabla ya kitanda kukamilika, kwa godoro lililokuwa chini. Vioo viwili vilivyokosekana aliviziba kwa wavu wa mbu badala ya mbao, ili hewa isife.

Kadi ya kliniki ya mtoto haikupanda lori. Ilisafiri kwenye pochi ya mama pamoja na dawa ya kuvuta. Wazazi wengi huipoteza siku ya kuhama, ndani ya boksi lililoandikwa "vyombo", na mtoto anaruka chanjo kwa sababu mama anaona aibu kwenda kituo kipya bila kadi au anadhani lazima arudi alikoanzia. Haihitajiki kurudi. Chanjo inaendelea popote, na hata kadi ikipotea nenda, muuguzi atakuelekeza. Binti alitimiza miezi tisa wiki mbili baada ya kuhamia, akapata chanjo yake ya surua na rubela Same, na tarehe ya miezi 18 ikaandikwa kwa kalamu nyekundu.

Kijana analala chini ya dirisha la upande wa mwembe. Agosti, upepo ulipozidi, alihitaji dawa mara mbili, na mama akajifunza kudeki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia. Mjane amemzoea, humwita aje kumwagilia mchicha. Mfuniko wa chemba haujatengenezwa. Kwa sasa umewekewa jiwe kubwa, na binti ameanza kutembea. Kodi inayofuata ni Oktoba, na mwalimu ameshaitoa ile karatasi ya daftari kwenye faili na kuiweka juu ya kabati.